Ng'ombe wa Kuonyeshwa Wakwe

Mwaka 1994, hapakuwa na mtu mtaani kwetu Baba Dogo mwenye haraka kama jirani yangu Nekesa. Chai aliinywa akiwa amesimama. Kanisani aliitikia amina kabla mchungaji hajamaliza. Nilimpenda, lakini alinichosha.

Nyuma ya nyumba alifuga ng'ombe mmoja, aliyeletwa kama mahari ya bintiye. Kwetu Bungoma, tulikotoka sote wawili, mahari ya dada ndiyo humpatia kaka mke. Sasa ilikuwa zamu ya mwanawe Wasike, na Jumamosi mzee Andati, baba wa mchumba wake, angekuja kumkagua ng'ombe huyo kabla ya kukubali.

Jumatatu Nekesa akamtazama, akaona mbavu. "Huyu atatuaibisha," akaniambia. Ng'ombe aliyezoea nyasi na maganda ya ndizi akamwagiwa debe zima la mahindi makavu. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akanijibu kwamba baraka ataziomba Jumapili.

Jumatano ng'ombe akakataa kula. Alisaga meno, akaharisha maji yenye harufu ya uji uliochacha, kisha akalala chini. Nekesa alienda langoni, akarudi, akaenda tena. Nilimkasirikia, nikamhurumia pia, maana Wasike alikuwa ameketi juu ya jiwe akimfukuzia ng'ombe nzi.

Nilimwita Naftaly, daktari wa mifugo aliyestaafu.

"Mama, umempa nini?"

"Nyasi tu," Nekesa akasema. Naftaly akauliza tena, naye akasema kweli.

"Mahindi mengi kwa ghafla huchacha tumboni," Naftaly akasema. "Yanamchoma kwa ndani."

Tulimnywesha maji ya magadi kwa chupa, tukampa nyasi kavu pekee. Siku mbili Nekesa hakutulia. Ijumaa jioni ng'ombe akasimama, akaanza kucheua.

Jumamosi Andati alimkuta ng'ombe amebaki mifupa mitupu. Kabla hajakaribishwa kiti, Nekesa alikwisha kuropoka yote: mahindi, kuharisha, magadi.

Mzee akamzunguka ng'ombe taratibu. "Mama Wasike, ng'ombe nimemkubali. Ninayemhofia ni binti yangu. Akiolewa leo, kesho utamdai mjukuu." Akachukua fimbo yake. "Harusi iwe mwaka ujao. Ukiweza kungoja mwaka mzima, utaweza kuishi naye."

Nekesa akafungua mdomo kujibu. Wasike alikuwa akimtazama. Akaufunga.