Kitako Kilichopinda Kushoto

Mimi nikishikwa na swali silali. Mke wangu analijua hilo, ndiyo maana siku tulipokwenda mtaa wa Viwanja Sitini kuangalia bunduki inayouzwa alibeba karanga za kutafuna.

Bunduki yenyewe ilikuwa imetumika, ya mitutu miwili iliyolala mmoja juu ya mwenzake, ile tunayoipenda sisi tunaocheza skiti. Tuko wastaafu wachache tu. Mpunga ukishavunwa tunapata uwanja kule Michenga, mashine inarusha visahani vya udongo angani, nasi tunavitungua kwa marisau. Wenzangu wanatungua. Mimi nilikuwa navisindikiza kwa macho. Nilishaapa kwamba msimu huu nisipovunja sahani naacha, na kuacha kulikuwa kunaniuma kuliko nilivyowaonyesha.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia mwenye bunduki.

"Marahaba, kijana."

Kijana mwenyewe nina mvi kichwa kizima. Mzee huyo ana duka la vyombo, watu wake walitoka pwani zamani, na bunduki aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama bonde letu hili la mpunga. Aliifungua nione kwamba haina risasi, akanikabidhi.

"Nikwambie ukweli, kitako kimepinda. Watu wameshaikataa."

Nikachungulia mitutu: safi, hakuna kutu wala kibonyeo. Nikaifunga, nikaitikisa, haikulegea popote. Nikaiweka bega la kulia. Shavu langu likakosa pa kukaa. Kweli kitako kilikuwa kimepinda, tena kwa kushoto. Hata kikono cha kuifungulia kilisukumwa kushoto, wakati zote nilizowahi kushika kinasukumwa kulia. Nikamlaani kimoyomoyo fundi aliyeiharibu.

Lakini nilipopapasa ule mti wa kitako sikukuta gundi wala kiungo. Mistari yake ilikwenda moja kwa moja bila kukatika. Kitu kilichoharibika hakiharibiki kwa unadhifu namna hiyo, mtu alikipinda makusudi. Sasa kwa nini? Nikaigeuza, nikaigeuza tena, mpaka mzee akaagiza kahawa.

"Aliyekuwa nayo alikuwa mashoto," mke wangu akasema huku anamenya karanga. "Kama wewe."

"Mimi si mashoto."

"Nzi unamuua kwa mkono gani?"

Nikautazama mkono wangu. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga kila tunapokaa kula, mpaka mkono ukatulia. Hakuwa mkatili, hakutaka tu watu waseme hajanilea. Nikajifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kusalimia kwa kulia. Siku nilipopewa bunduki mara ya kwanza, ikaenda bega la kulia yenyewe. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza, mimi ninayejifanya bingwa wa maswali.

"Samahani mzee, naomba niishike kwa mkono huu mbaya."

Mzee akacheka. "Bunduki haili pilau, kijana."

Nikaihamishia bega la kushoto. Shavu likakaa. Kidole gumba kikakikuta kile kikono pale pale. Nikajifanya nakagua mitutu tena ili mzee wa watu asiuone uso wangu.

Nikainunua, na kibali cha polisi kilipotoka tukaenda Michenga. Wenzangu waliponiona nimegeuka wakaanza maneno yao, eti leo napiga kwa mkono wa chooni. Sahani ya kwanza ikapita salama salimini, wakacheka vizuri. Ya pili ikasambaratika. Vipande vilidondoka kwenye mabua ya mpunga, na mimi nikabaki nimesimama tu, nikivitazama.

Nikaifungua bunduki, nikaiweka mezani. Mke wangu akaja kunipongeza, amenyoosha mkono wake wa kulia. Nikampa wa kushoto bila kufikiri. Nilipotaka kuurudisha, aliuwahi akaushika, na hakuuachia upesi.