Bibi Mfua Nguo na Ndama wa Jirani

Ulikuwa mwaka ule wa unga wa njano, ugali unakaa sahanini kama kiini cha yai, na michembe yetu ya viazi vikavu imekwisha ghalani. Wajukuu wakiniuliza ni mwaka gani, nawajibu hivyohivyo. Watafute wenyewe, wamesoma.

Mimi nilipata kisomo cha watu wazima tu, lakini nilikipata kweli. Mwalimu wetu aliniazima kitabu kisicho na jalada: tajiri kauawa, polisi wamekwama, na anayemsaka mwuaji ni bibi kizee mfua nguo, anayejua siri za watu kwa madoa ya mashati yao. Kila alasiri nilimsomea mama mkwe wangu, mayu tunavyomwita Kisukuma, akiwa anapika. Kuni hazikuwapo, tulipikia mavi ya ng'ombe, na moshi wa miaka mingi ulimwachia macho mekundu kama pilipili.

"Rudia hapo pa shati," ananiambia. "Huyo mpwa mwongo! Nani anafua shati siku ya msiba?" Tunacheka mpaka ugali unaungua.

Kisha ndama watatu wa jirani wakafa. Jirani akaenda kupigiwa ramli ya kuku, akarudi anatangaza kwamba kuku ameonyesha mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Kwetu macho mekundu ni ya mchawi, na neno hilo likishasemwa, panga hufuata. Nikawa nasoma mstari mmoja mara tatu, jicho njiani. Mbwa akibweka, kitabu chini.

Mume wangu akanivuta pembeni. "Mama watoto, tumpeleke mama kwa dada yangu Ushirombo. Kesho."

"Hatoki. Kitabu hatujakimaliza."

"Unafanya mzaha?"

Sikufanya mzaha. Akiondoka, watasema kakimbia kwa kuwa ni mchawi, na Ushirombo nako mapanga yapo.

Mayu alitusikia. "Mwanangu," akaniambia, "yule bibi wa kitabuni angeuliza kwanza ndama wamekunywa nini."

Nikaenda kwa jirani, nikijifanya naomba kaa la moto. Ndama aliwanyweshea kwenye pipa lililokatwa katikati. Nikainama, nikanusa. Dawa ya pamba, ile ya kuulia wadudu! Pipa la dawa, hata kulisugua hakulisugua.

Siku ya tatu jirani akaja na kaka zake wawili, fimbo mkononi. Nikasimama mlangoni.

"Jirani, ndama wako wamekufa kwa dawa ya pamba. Nenda kanywe maji ya lile pipa, halafu urudi utuambie mchawi nani."

Kaka mmoja akacheka. Jirani mwenyewe hakucheka. "Kumbe siku hizi wewe ni polisi?"

"Kanywe."

Akatazama chini. Pipa alilijua lilikotoka. Lakini aibu ilikuwa imemkaba, na watu walishakusanyika wanatazama.

"Kuku hasemi uongo," akasema. "Mtoe bibi huyo aende zake, sisi tulale."

Nyuma yangu mayu alikuwa akisonga ugali, mwiko haukusimama. Nikashika miimo ya mlango kwa mikono miwili.

"Hatoki. Kitabu hatujakimaliza."