Jicho la Gayogayo

Sisi tuliokulia Mishomoroni miaka ya themanini tulisoma shule ya pili maji yakipwa, chini kule kwenye mikoko, na haikuwa na mwalimu. Huko ndiko nilikomjua gayogayo: samaki mdogo, bapa, alalaye chini akiwa na rangi ya mchanga wenyewe, macho yote mawili upande mmoja.

Jirani yangu Mwanasiti alikuwa na makengeza ya jicho moja. Watoto wakubwa walimweleza kwamba gayogayo naye huzaliwa na macho huku na huku kama samaki wengine, kisha moja likahama. "Jicho lako latembea, Siti. Litalikuta lenzake, uwe gayogayo." Wakacheka, wakaenda zao. Tangu hapo kila asubuhi alisimama mbele ya kioo akilipima jicho kwa kidole. Hakutaka kuonewa huruma. Alitaka kujua jicho la gayogayo husimama wapi.

Basi likizo nzima tulivua. Tulichukua kifumbu cha mama cha kuchujia tui, tukaburuza nyayo vidimbwini, maana gayogayo huonwa na unyayo kwanza: mchanga hukutekenya, na ukichelewa kufunika, ameshakwenda. Tulifunika matope matupu mara nyingi kuliko samaki. Jioni moja mama alionja mchuzi, akanitazama. "Tui la leo limepitia baharini," alisema. Nikainamia sahani yangu.

Hatimaye tulipata sita. Tukawapanga kwenye sinia lenye maji, kuanzia mdogo kama ukucha wa kidole gumba hadi mkubwa kama kiganja. Mwanasiti aliwakagua mmoja mmoja, akarudia toka mwanzo. Kwa wote, mdogo hata mkubwa, macho yalikaa mahali palepale.

"Huyu ni mtu mzima," alisema, akimgusa yule mkubwa. "Na jicho lake halijasonga."

Akawarudisha majini. Njiani tuliwapita wale watoto wakubwa wakicheza mpira wa matambara. Mmoja akaita, "Gayogayo!"

"Abee," akaitika, bila kupunguza mwendo.

Juzi nilimpeleka binti yangu pale. Sasa pana ukuta na vyumba vya kupanga. Nilipomsimulia, alitoa simu, na kwa nusu dakika akanionyesha jicho linavyohama samaki angali mdogo sana, anaelea tu, kabla hajatua chini. Kumbe ndiyo maana hatukumpata hata mmoja ambaye jicho lake lilikuwa bado safarini. Jibu lake lilikuwa kamili kuliko letu la likizo nzima. Nikamwuliza, je, gayogayo akikupapatikia chini ya unyayo, wahisije? Akaitazama simu tena, akapekua, akapekua.