Aliyenifungia Pedi za Nyuma
Mimi si mtu wa kunywa, na siku hiyo sikuwa na homa. Haya yalinipata hapa Kitengela, saa kumi za mchana, jua likiwaka, kwa hivyo usinitafutie kisingizio cha giza.

Breki za nyuma za gari letu zilikuwa zimeisha hadi zinakwaruza chuma kwa chuma. Kesho yake, Jumapili, mke wangu angempeleka binti yetu shuleni Kajiado, na unaijua ile barabara ya Namanga na malori yake. Nilinunua pedi mpya nikaamua kuzifunga mwenyewe uani, maana mafundi wamenichosha. Nikapiga jeki, nikatoa gurudumu, nikafungua kalipa, kile chuma kinachoshikilia pedi, za zamani zikatoka. Shida ikawa pistoni, kile kichuma cha duara kinachozisukuma pedi. Ilikataa kurudi ndani ili zile mpya, ambazo ni nene, zipate nafasi. Niliibana kwa klampu kwa nguvu zangu zote, haikusogea.

Ndipo mtu mmoja akasimama langoni, ovaroli ya kijani, umri kama wangu. Nikamsalimia "Supa" ya Kimaasai, kama tunavyosalimiana huku hata sisi Waluhya tuliokuja kupanga tu. Hakuitikia "Ipa". Alisema, "Hiyo ya nyuma haisukumwi. Inazungushwa."

Akaingia, akachuchumaa kando yangu, akaweka kidole gumba juu ya pistoni na kuizungusha, ikaingia kama kifuniko cha chupa. Kwa kidole kitupu, niamini. Mafuta ya breki yakamchirizika mkononi, naye akayalamba polepole mpaka kwenye kiwiko. Na alinuka, kama ngozi mbichi iliyosahauliwa kwenye gunia.

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Kila mwenye gari anajua fundi haachwi peke yake na gari, atakubadilishia kitu. Lakini mimi nililelewa na mama wa Bungoma. Anayekusaidia kazi kwako lazima anywe chai, hata kama anakutia kichefuchefu. Mke na binti walikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, basi nikaingia kuichemsha mwenyewe. Ukweli ni kwamba nilifurahi kuikimbia ile harufu. Niliporudi na vikombe, magurudumu yote mawili ya nyuma yalikuwa yamefungwa, na yeye alikuwa ameshafika barabarani.

Jumapili jioni mke wangu alirudi akinisifu. Karibu na Isinya lori lilisimama ghafla mbele yao, akakanyaga breki, gari likasimama papo hapo.

"Baba Nekesa, siku hizi wewe ni fundi," akaniambia. Nikazipokea sifa.

Jumatatu nilizikuta pedi mpya nyuma ya tangi la maji, zote nne, boksi halijafunguliwa. Nikatoa gurudumu haraka. Mahali pa pedi palikuwa na kisigino cha mtu kilichopasuliwa katikati, nusu upande huu na nusu upande ule wa diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi. Ngozi nene, na magaga yake, na udongo wetu mweusi umejaa kwenye nyufa. Kilikuwa na joto. Upande wa pili, kisigino kingine. Hapo nikakumbuka jinsi yule mtu alivyoondoka, akitembea kwa vidole vya miguu tu. Nilitapika juu ya spana zangu.

Nilivichoma kwa petroli na moshi wake ukaniingia hadi kooni. Mpaka leo siwezi kumtazama mke wangu akisugua miguu kwa jiwe. Sijamwambia, nitamwambia nini? Kinachonichukiza zaidi si ile ngozi. Ni kwamba ilishika. Binti yangu akirudi likizo, akiketi mezani akicheka, najua uchafu ule ndio uliomzuia asiingie chini ya lori, wakati pedi zangu zilikuwa zimelala nyuma ya tangi.

Basi wewe, ukifungua gurudumu la gari lako, kaa hapo mpaka nati ya mwisho. Acha chai ichelewe, acha mgeni akuone mchoyo. La sivyo utajikuta kama mimi, kila usiku unataka kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto wako, na shukrani inakukwama kooni kwa sababu hujui unamshukuru nani.