Alama Saba kwa Mchezo wa Wawili

Watu wanaoandika magazetini kuhusu michezo ya televisheni siwapendi, na sioni haya kusema. Mtu anajifungia chumbani peke yake, umeme wake haukatiki, kahawa iko mezani, anaminya vitufe siku mbili tatu, kisha anatoa alama kama mwalimu wa hesabu. Mmoja wao, Mfaransa ambaye sitamwona maishani, alinikosesha ndugu. Utasema natia chumvi. Sikiliza kwanza.

Mwisho wa miaka ya tisini baba yangu mdogo alikuwa fundi cherehani hapa Gisenyi. Kazi ilipodorora, maana watu walikuwa na hofu ya vita na hakuna aliyekuwa na haraka ya suti mpya, alihamishia cherehani zake nje barazani, na ndani akaweka televisheni, benchi, na mashine ya kuchezea michezo iliyovuka kutoka Goma. Kaseti ilikuwa moja tu, ya mpira wa miguu. Sura yake ilikuwa mbaya, sikatai. Wachezaji walikuwa na vichwa vya mraba, na mashabiki walishangilia hata mpira ukitoka nje. Lakini mashine ilikuwa na maneti mbili, yaani vile vishikio vya kuchezea, na watu wawili waliweza kuwa timu moja dhidi ya mashine. Benchi lilijaa kila siku, na waliokosa nafasi walisimama mlangoni wakitukana kocha asiyekuwepo.

Mwaka huohuo kaka yangu alirudi kutoka Kigoma. Shangazi alimchukua akiwa bado anajifunza kutembea, mimi nikabaki na mama, na tulipoonana tena sote tulikuwa na ndevu zinazoanza. Mama alilia, akapika pilau, akatupa chumba kimoja, akaamini damu itamaliza kazi iliyobaki. Haikumaliza kitu. Kila nilipofungua mdomo alinirekebisha.

"Siyo mutu, mdogo wangu. Ni mtu."

"Bon, we ndiye unajua yote. Uniache."

Nilimchukia, na nadhani alinichukia.

Siku moja mama alimtuma aje kuniita. Nilikuwa kwenye benchi, mwenzangu ametoka tu kwenda kusali, na baba mdogo akampa kaka maneti bila kumuuliza. Hakuwahi kushika kitu kama kile. Dakika za mwanzo alimkimbiza mchezaji wake kuelekea goli letu, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Halafu akaelewa.

"Nipe! Nipe mpira, acha uchoyo!"

"Kimbia basi, yaya! Kimbia!"

Yaya kwetu ni mkubwa wako wa kuzaliwa naye. Sikuwa nimewahi kumwita hivyo. Tulifungwa mabao mengi, tukachelewa nyumbani, mama akagomba huku anatabasamu.

Ikawa kila alasiri. Tukirudi nyumbani tulibishana nani alipaswa kutoa pasi, na ubishi ukiisha alianza kusimulia Kigoma. Siku moja, karibu kufika mlangoni, aliniuliza kwa nini mama alimtoa yeye asinitoe mimi. Sikujua. Alisema, "Basi tutaongea siku nyingine," na niliamini siku hiyo ipo.

Kisha likaja gazeti. Dereva mmoja wa lori alilisahau alipokuja kupunguza suruali. Lilikuwa la Kifaransa, la michezo ya televisheni tupu, kurasa zinang'aa. Baba mdogo alisoma shule ya mapadri kule Nyundo, na kitu kilichochapwa kwa Kifaransa, kwake, kilikuwa karibu na sheria. Akautafuta mchezo wetu, akauona. Alama saba juu ya ishirini. Mwandishi alisema ukiucheza peke yako unachosha haraka.

Peke yako! Nani Gisenyi nzima aliwahi kuucheza peke yake?

"Basomi bameandika," baba mdogo aliniambia. "Saba! Mi siwezi kuwekea bakiliya, batu benye kulipa, muchezo ya saba."

"Lakini batu banajaza benchi kila siku, baba mudogo. We unabaona na macho."

"Macho ni ya nini? Soma hapa."

Asubuhi yake alivuka mpaka wa Goma pale Grande Barrière na kaseti yetu mfukoni, akaibadilisha kwa mchezo ambao gazeti liliupa kumi na tisa. Mama aliposikia alimwambia usoni kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Alikuwa amechelewa.

Mchezo wa kumi na tisa ulikuwa mzuri, nitasema haki. Mvua ilinyesha mle ndani mpaka ukatamani koti. Lakini ulimhusu shujaa mmoja anayezurura na upanga, maneti ya pili haikuwa na kazi, na maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Isitoshe, betri ndogo ya ndani ya kaseti, ile ya kutunza ulipofikia, ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, na ulikatika kila siku, shujaa alirudi kitandani kwake alikoanzia. Mfaransa hakuandika hilo. Kwake umeme haukatiki, na kaseti zake ni mpya. Mtu mmoja alicheza, wengine walitazama kisogo chake, na baada ya muda benchi likabaki wazi.

Kaka alikuja mara chache, akaegemea mlango, akatoka. Nyumbani hatukuwa na la kubishania. Baba mdogo, haya zimemjaa, alirudi Goma kutafuta kaseti. Ilikwisha kuuzwa Bukavu. Kabla ya mvua kubwa kaka alipata kazi Kigali, kisha akarudi Kigoma akaoa huko.

Leo nasoma wakosoaji wapya kwenye simu, na ni walewale. Watapima picha, watapima urefu, watakuambia ubora wa sauti ya panga. Hakuna anayeuliza mchezo utachezwa na nani, wamekaa wapi, na wana nini cha kuambiana wakishainuka. Hasira inanipanda kama ya jana, na sitaki ishuke.

Kwa sababu jibu la swali la kaka ninalo sasa. Mama alinipa kabla ya kufariki. Hakumtoa. Aliponizaa mimi aliugua karibu kufa, shangazi akamchukua mkubwa kwa muda tu ili mama apone, kisha shangazi akamzoea mtoto, akakataa kumrudisha, na baba hakuwa na ubavu wa kumdai dada yake. Mama aliomba nimweleze kaka.

Nimempigia mara nyingi nikiwa nimejiandaa. Anauliza kama huku mvua inanyesha. Namjibu inanyesha. Anasema nisalimie watoto, tunakata.