Mawe Meupe ya Shamba la Mama Anaeli

Mhadhiri wangu alinipa kiangazi kimoja tu. Nikithibitisha kwamba shimo fulani kwenye miteremko ya Mlima Meru lilichimbwa na kimondo, ningepata shahada ya pili. Nikishindwa, ningerudi kufundisha sekondari. Kimondo kikigonga ardhi, miamba hupata joto kali na kuchemsha maji ya chini, na maji hayo huacha madini meupe ya kaboneti kwenye nyufa. Ukipima uwiano wa atomi nyepesi na nzito za kaboni na oksijeni ndani yake, unajua maji yalikuwa na joto kiasi gani na kaboni ilitoka wapi. Mashine ya kupimia ilikuwa Ulaya. Kazi yangu ilikuwa kuleta mawe.

Arusha niliingia jioni, nikapanga chumba Kaloleni. Ilikuwa enzi ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa wote. Maduka yalijaa redio na mitumba.

Asubuhi nilipanda mlimani hadi kwa Mama Anaeli, mjane mwenye kahawa na migomba. Shimo lilikuwa shambani mwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa loshoro kwanza, mawe hayakimbii."

Nikanywa harakaharaka ule uji wa mahindi na maziwa mgando, nikashuka hadi kwenye shimo. Ukingoni mawe meusi yalikuwa na utando mweupe. Niliudondoshea tindikali, ukatoa povu. Kaboneti! Nusura niimbe.

Siku ya tatu mama alinikuta nafunga gunia.

"Yanakwenda wapi hayo?"

"Ulaya, yakapimwe."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Chokaa ya marehemu mzee wangu iende Ulaya! Hapo ndipo alipokuwa anachanganya chokaa na mrututu, dawa ya kupulizia kahawa. Dawa za ruzuku zilipokoma, tukawa tunatengeneza wenyewe."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Si wewe mtu wa chuo? Nilidhani unajua."

Chokaa ikikauka hushika kaboni ya hewani na kugeuka kaboneti. Povu lile halikuwa na habari yoyote ya kimondo. Nikachukua nyundo, nikapasua jiwe baada ya jiwe hadi mchana. Ndani hamkuwa na hata mshipa mmoja mweupe. Mawe ya volkano tupu, hakuna kimondo.

Nikamwaga gunia. Mama aliniletea chai, safari hii bila kucheka.

Dar es Salaam mhadhiri alisoma ripoti yangu na kufunga jalada. Nimerudi kufundisha sekondari. Shimo silijutii. Najutia siku tatu nilizokula kwa mama yule bila kumuuliza neno moja kuhusu shamba lake.