Wageni wa Mama Mkwe

Tunaishi Makindu, katika nyumba ya mawe iliyojengwa enzi za reli. Jumamosi dada mmoja huwatembeza wageni kwa miguu mtaani kwetu, kuanzia stesheni hadi kwenye nyumba zetu. Hupiga picha, kisha huenda zao.

Mama mkwe anakaa nasi. Kumbukumbu zimemponyoka, kuna asubuhi huniuliza mimi ni mke wa nani. Watu wa kanisani walikuwa wakija kumwona, lakini walipoona hawatambui, wakaacha.

Jumamosi moja nilikuwa namsuka barazani wageni walipofika langoni.

“Hapa aliishi stesheni masta,” dada akaanza kuwaeleza.

Mama akainuka, nusu ya kichwa haijasukwa. “Mmefika! Mbona mnasimama juani? Ingieni!”

“Mwaitu,” nikamwambia polepole, kwani ndivyo tunavyomwita mama, “hawa wanapita tu.”

“Wanapita vipi na chakula kiko?”

Alidhani ni jamaa zake wa Tawa wamekuja harusini. Dada akaniomba radhi, akataka kuwaondoa, lakini mama alishamshika mkono mzee mmoja wa Nairobi.

“Ng'ombe wako walipona?”

Mzee akanitazama, kisha akamgeukia. “Walipona, mama. Tunashukuru Mungu.”

“Na mvua?”

“Kidogo tu.”

Basi wakaingia. Nilikuwa na aibu: kuta zimejaa masizi, na chakula chenyewe ni muthokoi wa jana, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Nikaupasha moto, wakala wawili wawili kwa sahani moja. Kabla ya kula mama aliomba kwa Kikamba, ombi refu, bila kukwama hata mara moja. Waliomwelewa na wasiomwelewa wakasema amina.

“Na wewe umeolewa?” akamuuliza dada.

“Bado, susu,” dada akajibu, akimwita nyanya kwa Kikamba.

“Usiharakishe, mjukuu wangu.”

Nyumba nzima ikacheka, naye akacheka kuliko wote.

Walipoondoka nilienda jikoni kuosha sahani, machozi yakanitoka. Sikumbuki mara ya mwisho nyumba hii ilipokuwa na wageni wake. Jioni alikuwa ameshawasahau, lakini alikula vizuri na hakuuliza kwao ni wapi, kama afanyavyo jioni nyingine.

Siku hizi dada huwatangulia wageni kidogo, akaja kuniuliza langoni kama susu anaweza kupokea watu. Nikisema ndiyo, huingia kumsalimia. Nikisema leo hapana, huwapitisha upande wa pili wa barabara, wakiongea kwa sauti ya chini.